Kozi ambayo mwalimu anapita anachomoa waya

Wengi mmekua mnaniuliza ile kozi ya vifaa vinavyojiendesha ina nini hasa mpaka watu wanalala maabara, na kila nikianza kuelezea naishia kusema "we njoo uone", kwahiyo leo nimekaa niandike yote niache kurudia rudia. Niseme mapema tu, kama unategemea maroboti yanayopeana mikono utaboreka. Sisi tulimaliza muhula na mashine ya kutotolesha vifaranga ndani ya friji bovu, na sijawahi kujifunza vitu vingi hivyo kwenye darasa lolote hapa Arusha.

Mtihani wa mwisho hauna karatasi. Kila kikundi kinaweka kifaa chake mezani, mnawasha, mnarudi nyuma ya mstari wa tepu nyekundu uliobandikwa sakafuni, na kuanzia hapo anayegusa kifaa amefelisha kikundi kizima. Alafu Madam anaanza kupita, koleo dogo mkononi, testa mfukoni. Anasimama mezani kwenu, anazikagua waya zenu taratibu bila kusema kitu, alafu anachomoa mmoja. Hakuambii ni upi. Anavuta kiti, anakaa, anaangalia saa. Ndo mtihani wenyewe huo. Anachotaka kujua ni kimoja, sasa hivi kimeharibika, je kinafanya nini? Kile kilichokua kinafanya kazi vizuri kabla hajachomoa hakina maksi nyingi, anasema kifaa kizima hata wale wa kwenye video wanacho.

Sasa tuanzie chini kidogo kwa wasiojua. Bodi tunayotumia, yani kale kakompyuta kadogo kanakoendesha kifaa, ni Arduino Uno, zile kopi za Kichina za bei poa zinazokuja na parseli ya basi kutoka Kariakoo. Arduino yenyewe ilianzia Italia mwaka 2005 kwenye mji mdogo unaitwa Ivrea, kina Massimo Banzi walikua wanataka bodi rahisi ya kufundishia wanafunzi wa disaini ambao hawajasomea umeme, na jina wakalitoa kwenye baa waliyokua wanakaa jioni. Chipu iliyopo juu yake ni ATmega328P, inakimbia kwa megahezi 16, ina KB 32 za kuwekea programu na KB 2 za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Umesoma vizuri, mbili. Yani ule ujumbe anaoutuma katibu wa kamati ya harusi kwenye grupu la familia, wenye majina ya wote ambao hawajamaliza michango, unaijaza hiyo kumbukumbu yote na bado jina la bibi harusi halijafika. Machalii waliokuja kutoka kutengeneza app za simu walipata tabu sana hapa maana wamezoea kutupa tupa vitu kwenye memori bila kuhesabu.

Kitu cha kwanza kupigwa marufuku ni delay. Kila mtu anaanza nayo maana ndo iko kwenye mfano wa kwanza kabisa wa kuwasha na kuzima taa, unaandika delay ya 1000 na bodi inasubiri sekunde moja. Shida ni kwamba ikisubiri haioni kitu, haisikii swichi, haisomi sensa, imekaa tu inahesabu. Kuna kikundi kiliweka kengele ilie sekunde 3 roboti ikikaribia ukuta, na ikawa inalia vizuri kabisa huku inagonga ukuta, kwasababu wakati inalia haijui tena kama magurudumu yanazunguka. Kwahiyo unafundishwa kutumia millis, yani kila mzunguko unaangalia saa ya ndani ya chipu na kujiuliza je muda wa kufanya kitu flani umefika, kama bado unapita unaenda kwingine. Inaonekana kitu kidogo ila ukishaizoea kichwa kinabadilika, unaanza kufikiria kifaa kama kitu chenye hali tofauti, kinatafuta, kinakimbia, kinasubiri, kimekwama, na kila hali ina mlango wa kutokea.

Alafu ikaja wiki ya kobe ambayo mimi niliipenda. Kulikua na mtafiti wa ubongo huko Bristol Uingereza, W. Grey Walter, mwaka 1948 hadi 1949 akatengeneza viroboti viwili akaviita Elmer na Elsie, watu wakawa wanaviita kobe kwasababu ya gamba na mwendo wa pole. Hakuna kompyuta ndani, valvu mbili tu za redio, jicho moja la mwanga na swichi ya kuhisi kugongwa. Na bado vilikua vinafuata mwanga, vinazunguka vizuizi, na vinajua kurudi kwenye kibanda chao kuchaji. Tukatengeneza cha kwetu kwa sensa mbili za mwanga na mota mbili zile za njano, jicho la kushoto linaendesha gurudumu la kulia na la kulia linaendesha la kushoto, basi. Ukikizungushia tochi ya simu kinakufuata chumba kizima mpaka unahisi kina akili, wakati programu yake haijafika hata ukurasa mmoja.

Baada ya hapo ni roboti ya kufuata mstari mweusi, na hapa mi nalalamika waziwazi, inakula muda mwingi kuliko inavyostahili. Kila chuo duniani kinafanya hiyo. Mstari ni uleule, sakafu ni ileile, umeme haukatiki kwasababu mbio zenyewe hata dakika haziishi. Kule chuo cha MIT Marekani kulikua na kozi ya Januari ikiitwa 6.270, ilienda miaka mingi, wanafunzi walikua wanajenga roboti na siku ya mashindano haiguswi wala haina rimoti, ilikua nzuri na maarufu sana, ila hata yao ilitakiwa kuishi muda wa mechi tu. Ikishinda ilikua inazimwa watu wanapiga picha. Kifaa ambacho hakizimwi ni habari nyingine kabisa, na bahati nzuri nusu ya pili ya kozi yetu ndo inahusu hicho.

Sharti la project lilikua fupi. Kifaa kifanye kazi ya mtu halisi, kiishi siku nyingi bila nyinyi, na huyo mtu asiwe anajua hata Arduino ni kitu gani. Kikundi kimoja kikachukua kumwagilia kitalu cha miche kule Ngaramtoni, kingine kikachukua tenki la maji la hosteli, na sisi tukaenda na mayai kwasababu mimi nina shangazi Moshi, Kiboriloni, anafuga chotara na kienyeji na kila siku analalamika kununua vifaranga vya siku moja wakati mayai anayo mwenyewe. Nilipompigia kumuelezea alinisikiliza mpaka mwisho, alafu akauliza swali moja ambalo kumbe ndo lilikua syllabus yote.

"Sawa mwanangu, na hicho kitu chako usiku nikiwa nimelala hakitanichomea nyumba?"

Yai la kuku linataka siku 21. Joto liwe nyuzi 37.5 kama ndani kuna feni inayozungusha hewa, unyevu kati ya asilimia 50 na 55 hadi siku ya 18, baada ya hapo unaacha kuyageuza mayai na unapandisha unyevu ufike 65 hadi 70 ili utando wa ndani ya ganda usikauke kifaranga kikashindwa kutoka. Yakipoa kwa saa moja au mawili mayai yanavumilia. Yakipata 40 na zaidi ikakaa, umepika. Kwahiyo kosa la kuelekea chini na kosa la kuelekea juu hayana uzito sawa, na hiyo peke yake iliamua vitu vingi sana kwenye disaini yetu.

Friji tulilipata kwa fundi mmoja Mbauda, kompresa imekufa, mlango mzima, na friji bovu ndo sanduku bora kuliko yote maana sponji ya ndani ya kuta inatunza joto vizuri tu kama ilivyokua inatunza baridi. Kazi ikawa balbu. Tulitaka zile za zamani za waya ndani, zinazochemka, na hizo sasa hivi ukiuliza madukani wanakuletea za LED, unawaambia nataka inayopata moto wanakuangalia wanashangaa, mteja gani anataka balbu inayokula umeme? Tulizunguka Soko Kuu na Kilombero mpaka kwa mangi mmoja Sanawari akazitoa kwenye boksi lenye vumbi, wati 60, akatuuzia na ushauri wa bure kwamba tununue majiko ya mkaa.

Upande wa kupima joto tulitumia DS18B20, ile ya ndani ya kibomba cha stenlesi, haipati shida na unyevu. Kwenye karatasi zake imeandikwa inaweza kukosea hadi nusu nyuzi, na kwa mayai nusu nyuzi ni kubwa, alafu kopi feki ziko nyingi. Aliyetuokoa ni yule dada wa kikundini ambae mama yake ni nesi, akaja na kipimajoto cha homa. Kile kimetengenezwa kupima palepale tunapopataka, 35 hadi 42, na kimesahihishwa vizuri kuliko kitu chochote tulichokua nacho maabara. Tukavizamisha vyote kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, tukaandika tofauti, tukaiingiza kwenye programu. Imeisha hiyo.

Ila sasa hiyo sensa ina tabia ambayo usipoijua inaua. Waya ukilegea, laibrari yake, yani ile programu iliyoandikwa tayari ya kuisoma, haikuambii "samahani sina jibu", inakupa namba, na namba yenyewe ni -127. Ukiwasha ukasoma kabla haijamaliza kupima inakupa 85. Fikiria programu ya kawaida ya mtu anaeanza, joto likiwa chini ya 37.5 washa balbu, likizidi zima. Waya ukachomoka usiku, programu inasoma -127, inaona duh humu ndani ni barafu tupu, inawasha balbu na haizimi tena mpaka asubuhi. Kila mstari wa programu uko sahihi. Hakuna hata kosa moja. Na mayai yote yameiva. Hii ndo maana halisi ya ile koleo ya Madam, siku ya kwanza alipopita kwa majaribio alichomoa sensa kwenye meza zote na karibia kila kitu darasani kikawa kinafanya ujinga kwa kujiamini kabisa, pampu ya kitalu ikawa inamwaga maji bila kukoma maana inaona unyevu wa udongo ni asilimia sifuri.

Basi ukaanza ubishi ambao uliendelea mpaka kwenye kifodi tukirudi mjini. Sensa ikifa kifaa kifanye nini? Chalii mmoja anasema zima balbu, salama kwanza. Mwingine anasema ukizima Julai hii na baridi la Arusha mayai yanapoa mpaka asubuhi na yenyewe yanakufa taratibu, umechagua tu kuua polepole. Nilichokipenda ni kwamba hakuna jibu la kwenye kitabu, inabidi ukae ufikirie yai. Tulichoishia nacho ni sensa mbili sehemu tofauti, zikipishana sana au moja ikitoa namba isiyowezekana inapuuzwa na kengele inalia, na zikifa zote mbili kifaa kinakumbuka kwa saa lililopita balbu ilikua inawaka kwa wastani kiasi gani, tuseme theluthi ya muda, kinaendelea hivyohivyo kwa kukisia huku kinapiga kelele na kutuma meseji. Kinakua kipofu ila hakipaniki. Madam alivyoona hilo aliandika kitu kwenye daftari lake na hakutabasamu, ila hakuuliza swali la pili pia, na kwa anaemjua hiyo ni sifa.

Kitu kingine kilichonifungua macho ni hesabu za vitu kuchakaa. Rilei, kile kiboksi cha bluu kinacholia tik kikiwasha balbu, kimetengenezwa kuvumilia kama mara 100,000 kikiwa na mzigo. Unaona nyingi eh. Sasa ukiiambia iwashe na kuzima kila sekunde 10 ili joto likae sawa kabisa, sekunde 10 mara laki moja ni milioni moja, ambayo ni kama siku 11 na nusu. Yai linataka 21. Hujamaliza hata trei moja rilei yako imeshafika mwisho wa maisha yake, na rilei mara nyingi haifi ikiwa wazi, inafa imegandana, yani balbu inawaka moja kwa moja hata programu ikisema zima. Kwahiyo tukaiachia joto licheze kidogo, iwashe ikifika 37.3 na izime 37.6, na tukajaza chupa za maji chini ya trei ili mabadiliko yawe ya polepole. Mizunguko ikapungua sana na chupa zikawa na faida ya pili nitakayoisema. Mwanzoni pia joto lilikua linapitiliza, unazima balbu kwenye 37.5 linapanda mpaka 38 na ushee kwasababu kioo cha balbu bado cha moto, ile feni ndogo ya kompyuta ilivyohamishwa ikawa inapuliza balbu moja kwa moja tatizo likapungua bila kugusa programu hata kidogo.

Kumbukumbu nayo ina hesabu yake. Umeme ukikatika na kurudi Arduino inaanza upya, haijui kama leo ni siku ya 3 au ya 19, na ikiwa ya 19 ikaanza kugeuza mayai upya imeharibu. Unahitaji kuandika siku kwenye EEPROM, ile sehemu ndogo isiyofutika, lakini kila chumba chake kimeahidiwa kuandikwa mara 100,000. Ukiandika kila sekunde unakimaliza kwenye saa 28 hivi. Ukiandika mara moja kwa saa kinakaa zaidi ya miaka 11. Programu ileile, tofauti ni umeweka kwenye mstari gani. Tukaongezea na saa ya DS3231 yenye kibetri chake cha duara, hiyo inaendelea kuhesabu hata kila kitu kikizimwa na kwa mwaka inapotea kama dakika moja tu.

Na kuna kikundi cha pili nao walifanya mayai, wao walikua na kituko ambacho naomba kila anaejifunza Arduino akijue. Trei yao ilikua inageuka vizuri mchana kutwa, ikifika jioni inaacha. Asubuhi wakiwasha upya inageuka. Wakahisi mota inachoka, wakabadilisha mota, wakabadilisha betri, mmoja akasema maabara ina mambo. Kumbe walihesabu sekunde kwenye int ya kawaida, yani aina ya nafasi ya kuwekea namba nzima, na kwenye Uno int inaishia 32,767, ikizidi hapo inarukia kwenye hasi. Sekunde 32,767 ni saa 9 na dakika 6. Ukiwasha saa mbili asubuhi, saa kumi na moja jioni imekwisha kazi. Kosa la namna hii hutalipata kwenye roboti ya kufuata mstari hata uikimbize mwaka mzima, maana haijawahi kuachwa iwake masaa tisa mfululizo.

Kuna kingine kinaitwa watchdog, ni taima ndani ya chipu inayohesabu peke yake, programu inatakiwa kuigusa kila baada ya muda flani, mwisho kabisa sekunde 8, isipoguswa inajua programu imeganda na inaiwasha bodi upya. Mistari mitatu tu ya kuandika na inaokoa kila kitu. Isipokua ukitumia zile Arduino ndogo zaidi, Nano za bei chee zenye bootloader (programu ndogo ya kuanzishia bodi) ya zamani, hizo watchdog ikiziwasha upya hazizimi ile taima kwahiyo zinajiwasha, zinajiwasha tena, zinajiwasha tena, unaona taa inapepesa haraka haraka na bodi imekua kama imerogwa. Dawa ni kubadilisha bootloader kwa kutumia bodi nyingine. Vikundi viwili vilitupa bodi nzima kabisa kabla mtunza maabara hajawaambia.

Umeme wa dharura ndo uliotupa kichwa kuuma zaidi. Betri ya volti 12 na Ah 7, ile ya UPS, kwenye karatasi ni kama Wh 84 na ukitaka ikae muda mrefu unatumia nusu yake. Balbu ya wati 60 unapata dakika arobaini. Haina maana. Kwahiyo tukaamua betri isipashe joto kabisa, ilishe ubongo tu, sensa na laini ya simu, na joto litunzwe na zile chupa za maji na sponji ya friji. Umeme ukikatika feni inapunguzwa, matundu yanazibwa na servo, yani kimota kidogo, meseji inaenda kwa shangazi, "umeme umekata, joto 37.4, usifungue mlango". Ile moduli ya simu, SIM800L, nayo ina vituko, inataka volti kati ya 3.4 na 4.4 na ikianza kutafuta mnara inavuta hadi ampea 2 kwa ghafla, wanaoichomeka kwenye pini ya 5V ya Arduino wanaishia na bodi inayojizima kila ikijaribu kutuma meseji. Tuliipa betri yake ya 18650 na kapasita kubwa pembeni, ikatulia.

Siku ya mtihani Madam alianza kwa kuchomoa sensa yetu moja, kengele ikalia, kifaa kikaendelea. Akachomoa ya pili. Akatoa plagi ukutani. Meseji ikaingia kwenye simu, watu wa nyuma wakashangilia akawatazama wakanyamaza. Alafu akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitegemea, umeme ukiwa bado umetolewa akafungua boksi la rilei, akaunganisha miguu miwili kwa kipande cha waya, akafunga boksi, akarudisha sensa na plagi. Yani kaigandisha rilei kwa mkono. Balbu ikawaka, programu inasema zima, balbu inawaka. 37.8. 38.1. Hapo ndo unatamani kuvuka ule mstari wa tepu. Kilichotuokoa ni swali la shangazi, kwasababu yake tulikua tumefunga kithermostati cha pili kinachojitegemea, kisichojua hata kama Arduino ipo, kwenye njia ileile ya umeme wa balbu, na kimepangwa kukata 38.5. Kikakata. Kikundi kingine cha mayai chao kilipanda mpaka akachomoa mwenyewe.

Malalamiko yapo. Bodi hazitoshi, mnagombania testa tatu watu zaidi ya thelathini, maabara inafungwa mapema wakati kifaa chenu ndo kinatakiwa kukesha, na vifaa vingi tunanunua wenyewe wakati boom, ile hela ya mkopo wa chuo, haijaingia. Ningeweza ningefuta wiki mbili za mstari mweusi nikaziweka kwenye umeme na betri, na kila mwanafunzi angenunua testa yake kabla hata ya kununua Arduino, maana nusu ya matatizo tuliyoyaita ya programu yalikua waya haujashika.

Friji lilienda Moshi juu ya basi, kondakta alitaka nauli ya abiria wawili. Moshi kuna joto kuliko huku, kwahiyo mchana balbu inawaka mara chache sana na ile kumbukumbu ya wastani wa saa ikajirekebisha yenyewe, hiyo tulifurahi. Ambacho hatukukitegemea ni sisimizi, waliingia kwenye boksi la rilei kufuata joto, tukapaka grisi kwenye miguu ya friji na kuziba matundu kwa silikoni. Na shangazi akaikataa kengele. Anasema inaamsha mpaka majirani, na meseji inamtosha, sisi tunasema meseji isipofika je? Tumekubaliana kengele ilie mchana tu na usiku kifaa kipige simu badala ya meseji, na ikiwa hajapokea kinapiga kwangu.

Trei ya kwanza mayai mengi yalitotolewa, machache yalikua hayana mbegu toka mwanzo tuliyaona kwa tochi siku ya saba. Ya pili iko ndani sasa hivi. Balbu moja imeungua na yule mangi wa Sanawari amemaliza stoku, kwahiyo kama kuna mtu Arusha au Moshi anajua duka lenye zile za waya, wati 40 au 60, aniambie leo, nitamtuma bodaboda.